Wifi Yangu Ajifunza Kukata

Wifi yangu, dada wa mume wangu, mtaa mzima unamwita Shangazi Kamera. Alipiga harusi za akina mama, akaja akapiga za mabinti zao, na sasa anapiga za wajukuu. Ukimuuliza nani alikanyaga gauni la bibi harusi kwenye harusi ya fundi saa, atakutajia, tena atakuonesha mkanda.

Mimi na yeye tunataniana tangu siku nilipoingia katika familia yao. Alinipokea mlangoni, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Wifi, mbona una miguu mikubwa hivyo, viatu vyetu vitakuenea kweli?" Nikamjibu, "Nimeolewa na kaka yako, sikuolewa na kabati la viatu." Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu hapo hatujaachana, na mambo yake ninayajua kama ninavyojua jiko langu. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini lile la saba la wakati wetu, ukitoka hapo barua yako inaeleweka. Basi naandika.

Kamera hakuipata hivihivi. Alipomaliza shule alisema anataka kuwa mpiga picha, na baba zake wadogo wakaja juu. Msichana gani wa kuzurura na kamera shingoni? Ajifunze kushona. Kikaitwa kikao cha ukoo, na kaka yake, yaani mume wangu, akaomba kusema neno moja tu.

Sijui kama mnawajua watu wa neno moja tu. Alisimama jua likiwa dirisha la upande huu, akaketi jua likiwa dirisha la upande ule. Alianza na babu wa babu yao. Akamsifu kila aliyekuwepo na kila aliyekwisha kufa, na kila nilipodhani sasa anafika kwenye kamera, anarudi kwa babu. Mwishowe yule mkubwa wa baba zao wadogo akainua mkono, akasema, "Mwanangu, msichana apewe kamera. Apewe hata mbili. Twendeni tukale."

Ndiyo kusema wifi alipata kazi yake kwa sababu kaka yake hajui kunyamaza. Hilo hakulisahau hata siku moja.

Kwa miaka mingi kazi ilimwendea vizuri. Mkanda wake wa harusi ulikuwa harusi yenyewe: ukiketi kuutazama, unainuka una njaa. Mgeni akiingia, utamwona anavua viatu, utamsikia anaamkia wakubwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anamuuliza habari za nyumbani, naye anajibu zote. Wifi hakuondoa kitu. Alikuwa akisema, "Mtu amevaa, amechana nywele, amekuja. Nimwondoe kwa kosa gani?"

Kisha wakaja vijana na kompyuta zao, na watu wakazoea harusi za kutazamwa huku chai ikiwa bado ya moto. Wateja wa wifi wakaanza kupungua. Hata sisi wenyewe yalitukuta. Mwanangu wa kiume alipooa, wakwe walileta watu wao wa video. Mume wangu alihutubia siku hiyo, na alihutubia kweli. Mkanda ulipokuja tukakusanyika sebuleni. Akaonekana amesimama, kipaza sauti mkononi, akafungua mdomo, akasema, "Asanteni kwa kunisikiliza." Akaketi. Basi.

Mzee wangu aliinuka, akavaa kofia yake, akatoka nje. Aliporudi alisema, "Wamenisikiliza nini? Kuna kilichobaki cha kusikilizwa?" Akaapa kwamba mtu atakayemkata maneno tena asikanyage mlango wake.

Sasa ndipo kitindamimba wangu akaposwa. Siku moja akamjia shangazi yake, akamkalia karibu, akamshika mkono, nikajua hapa kuna dawa chungu inakuja.

"Shangazi, nataka unipige wewe."

"Sasa nani mwingine?"

"Lakini nataka nusu saa. Yote, nusu saa. Mama mkwe ana watu wake, nimewaambia wasubiri kwanza, wauchukue mkanda wakate wao kama itabidi. Ukiweza, ni wewe. Ukishindwa, shangazi, usinichukie."

Binti alipoondoka wifi akanigeukia. "Wifi, shangazi wa kuzaliwa nikikataliwa na binti wa kaka yangu, nani atanichukua tena? Wakija wale, mimi naifungia kamera kabatini, na ufunguo nakupa wewe uupoteze."

Nikamwambia, "Mimi sipotezi kitu. Nenda ukajifunze."

Darasa la kukata na kupanga picha za video lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kila Jumamosi asubuhi. Ngazi zilinuka rangi. Aliniomba nimsindikize. "Nikiingia peke yangu watadhani nimepotea."

"Na tukiingia wawili?"

"Watadhani wao ndio wamepotea."

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana, amenyoa nywele karibu zote, aliyewahi kufanya kazi kwenye televisheni. Mtoto mwenye adabu, lakini kazini hana mchezo. Kila Jumamosi alimpigia wifi shikamoo kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, kisha palepale anamwambia, "Kazi yako nimeitazama, mama. Ni mbaya."

Zoezi la kwanza wote walipewa vipande vilevile vya picha: mgeni anakuja njiani, anabisha, mlango unafunguliwa, bibi ameketi kitini, baba anasoma gazeti, mtoto anacheza chini, mgeni anakunywa chai. Wavipange, mtazamaji aelewe nini kinatokea. Vijana wakakatakata, wakamaliza. Kazi ya wifi ikaoneshwa ukutani. Akaonekana bibi. Kisha baba. Kisha mtoto. Kisha mgeni yumo ndani anakunywa chai. Kisha mgeni anabisha mlangoni.

Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu akasubiri watulie. "Mama, mbona mgeni yumo ndani kabla hajabisha?"

"Mwanangu, bibi yupo pale ameketi, mtu mzima. Nianze na mgeni nimruke bibi? Nianze na mtoto?"

"Lakini hapa hatuwasalimii, mama. Tunasimulia."

"Unasimuliaje kwa watu ambao hujawasalimia?"

Mwalimu aliketi juu ya meza, akaeleza taratibu. Alisema kila mkato una kazi yake, na usiokuwa na kazi mtazamaji atajikwaa nao kama jiwe njiani. Unakata kwenda picha ya karibu kwa sababu kuna jambo usoni mwa mtu ambalo kwa mbali halionekani. Unamwacha anayesema, unamwonesha anayesikiliza, kwa sababu uzito wa neno unauona kwa aliyepigwa nalo. Picha ikififia polepole, hiyo inasema muda umepita. Na ukipeleka picha mara huku mara kule, bibi harusi anavishwa, gari la bwana harusi limekwama topeni, bibi harusi anavishwa, watu wanasukuma gari, basi mtazamaji atasogea mbele ya kiti mwenyewe bila kuambiwa. Akamaliza na kanuni yake kubwa: "Kwenye tukio ingia umechelewa, uondoke mapema."

Wifi akanong'ona nikamsikia mpaka nyuma nilikokaa, "Huyo si mhariri, huyo ni mgeni wa kuja kula tu."

Wiki zikaenda. Akajifunza kushika kile kipanya, ambacho mwanzoni alikishika kama kitamtoroka. Akajifunza ile mistari miwili kwenye kioo cha kompyuta, wa juu picha, wa chini sauti. Lakini mpangilio wake ulikuwa uleule, kwa umri. Mwalimu alianza kuchoka. Nilimwona anajipangusa paji la uso.

Siku iliyomfungua macho, mwalimu alifundisha jinsi sauti inavyoweza kutangulia picha. Bado unamwona bibi kwenye kiti, lakini tayari unasikia jambo la picha inayofuata. Sikio linafika kwanza, jicho linafuata, na mkato unapita laini.

Wifi akainuka kitini. "Kumbe ni hodi!"

"Hodi gani, mama?"

"Hodi ni nini? Nimekaa ndani, simwoni mtu, nasikia sauti. Naangalia mlango. Ndipo anaingia. Si hiyo?"

Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndiyo hiyo. Na kinyume chake pia ipo. Picha imekwisha kuondoka, sauti imebaki."

Mimi huko nyuma, ambaye sikuwa mwanafunzi, mdomo ukaniponyoka. "Huyo ni mgeni aliyeaga. Ameshatoka, mlango umefungwa, bado unamsikia anasimulia huko nje."

"Mama wa nyuma," akasema mwalimu, "karibu ujiandikishe."

"Mimi nimesindikiza tu," nikamjibu.

Msidhani basi wifi alikuwa fundi kuanzia hapo. Jumamosi iliyofuata alileta zoezi ambalo kila mtu anasikika kabla ya kuonekana, kila mlango unaongea, kila kiti kinakohoa kabla ya mwenyewe kutokea. Ilikuwa kama nyumba ya mizimu. Mwalimu akamwambia, "Mama, hodi hupigwa mlangoni. Haipigwi kila chumba." Tulicheka njia nzima hadi nyumbani.

Harusi ikafika. Wifi alikuwa kila mahali, mtandio umefungwa kiunoni, anapita katikati ya watu kama sindano kwenye kitambaa. Na mume wangu akapewa kipaza sauti. "Nina neno moja tu," akasema, na wanaomfahamu wakaanza kutafuta viti. Alianza na babu wa babu. Akamtaja kila baba, kila shangazi, kila mjomba, kila mjukuu, kwa jina na kwa tabia. Alikohoa, akanywa maji, akawataja wajomba upya asije akawa amewasahau. Chakula kilipoa. Wifi hakuzima kamera hata kidogo.

Baada ya harusi tulikaa chumbani kwake kazini, mapazia yamefungwa, mimi kwenye kigoda pembeni. Vingine vyote alivikata vizuri, nakwambia, mpaka nikamwonea fahari. Wageni waliingia bila kuvua viatu wakaeleweka. Lakini hotuba ilikuwa imekaa pale kwenye mstari kama lori limezuia barabara. Peke yake ilizidi hiyo nusu saa.

Akaipeleka darasani. Mwalimu akasikiliza kidogo, akasema, "Hii ni rahisi. Bakisha sentensi mbili."

"Hizo mbili ndizo walizoacha wale wengine. Hata mbili hazikufika."

"Mama, nusu saa ni nusu saa."

"Mwanangu, sikiliza." Wifi aliongea polepole. "Kamera hii niliipata kwa hotuba ya huyu mzee. Angesema sentensi mbili siku ile, leo mimi ningekuwa nashona mapazia. Kwa kamera ileile nimkate? Na nisipomkata, kazi inakwenda kwa wengine. Nifundishe hapo."

Mwalimu akairudia hotuba tangu mwanzo, kidole mdomoni. Kisha akauliza, "Hotuba hii, kazi yake ni nini?"

"Anataja watu."

"Na watu hao unao kwenye picha?"

"Wote! Kula wamekula, kucheza wamecheza."

"Basi kwa nini tunamtazama yeye?"

Wifi alimtazama mwalimu, akanitazama mimi, akaanza kukusanya vitu vyake kabla darasa halijaisha. Nikajua tumepata.

Kazi aliyoifanya niliiona kwa macho yangu. Alichukua sauti ya kaka yake akailaza chini ya harusi nzima. Filamu inafunguka na ua wetu unafagiwa asubuhi, hakuna mtu wa maana aliyekwisha kuonekana, na tayari unamsikia mzee: "Ndugu zangu, mimi nina neno moja tu." Hodi ile! Kisha akitaja shangazi, yuko shangazi anajipepea. Akitaja wajomba, hao wajomba wanabishana kuhusu kamba ya turubai. Palipokuwa na kikohozi akaondoa, pale penye maji akaondoa, wajomba wa mara ya pili wakaenda zao, na kila alipounganisha aliweka uso wa mtu juu yake, kama kiraka kilichoshonwa kwa ndani. Babu wa babu tu ndiye hakuwa na picha, akamwekea ukuta wa nyumba aliyoijenga.

Tukafika mahali mzee anasema, "Na huyu mdogo wangu, mwenye kamera, jicho la nyumba hii." Wifi akakiweka kile kipanya pale, tayari kuondoa.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Hii inatoka. Sina picha yake."

"Kila aliyetajwa ameonekana, wifi."

"Aliyetajwa hapa alikuwa nyuma ya kamera. Nitampata wapi?"

Alisema kweli. Nilijaribu kukumbuka, na mimi kumbukumbu yangu haina kutu: harusi zote zile, miaka yote ile, sikukumbuka hata picha moja ambayo yumo. Akapitisha vipande vya siku ile haraka, kunionesha tu kwamba hakuna. Ndipo nikaona kitu kimepita.

"Rudisha."

"Nini?"

"Rudisha nyuma, wifi!"

Ulikuwa mwanzo wa kipande cha kwanza kabisa, asubuhi. Amewasha kamera, ameiinamia kuangalia kama inafanya kazi. Uso umejaa kioo kizima, pua kubwa, jicho moja limefumbwa, ncha ya ulimi imetoka pembeni. Anapangusa kioo cha kamera kwa mtandio. Kisha anaona taa nyekundu, anatabasamu peke yake, anaondoka.

"Hiyo ni takataka," akasema. "Inakatwa kila siku."

"Mwalimu alisema kila mkato una kazi. Kukata hiyo kazi yake ni nini?"

Wifi akalivuta lile jicho, akalipachika chini ya sauti ya kaka yake.

Siku ya kutazama sebule ilijaa. Binti yetu na mumewe waliketi kwenye mkeka mbele, mama mkwe kwenye sofa, na mzee wangu kwenye kiti chake, kofia magotini, tayari kuivaa atoke. Wifi alisimama nyuma kabisa karibu na mlango. Niliona mikono yake imeshikana.

Ua ukaonekana unafagiwa. "Ndugu zangu, mimi nina neno moja tu."

Mzee akainua shingo. Watu wakaanza kucheka kila mmoja alipotokea na jina lake, wajomba wakazomeana, mama mkwe akasogea mbele ya kiti. Lilipotokea lile jicho, sebule nzima ilipiga kelele, binti akageuka akapiga makofi, "Shangazi! Shangazi huyo!" Wifi akaficha uso kwa mtandio uleule.

Ilipokwisha, mama mkwe alitazama saa ya ukutani, akaona nusu saa haijazidi, akamwambia binti yetu, "Wale watu wangu nitawaambia wasije kuuchukua mkanda. Na kwa harusi ya mdogo wako wa kike," hapo akamgeukia mwanawe, mkwe wetu, "pia tutamchukua mwenye jicho."

Lakini wifi alikuwa anamtazama kaka yake tu. Mzee wangu aliigeuza kofia magotini, taratibu.

"Dada."

"Naam, kaka."

"Kikohozi changu kiko wapi?"

"Nimekuondolea, kaka."

Mzee akafikiri. "Umefanya vyema," akasema. "Siku ile kilinisumbua sana."

Akaitundika kofia kwenye msumari wake, akasimama katikati ya sebule. "Sasa kwa kuwa tupo wote hapa," akasema, "nina neno moja tu."

Binti akashika kichwa. Wifi akaivamia kamera kama kawaida yake, lakini mimi nilimtangulia. "Leo nashika mimi. Wewe nenda ukakae, usikilize." Akakaa chini, kando ya miguu ya kaka yake, na nikawapiga wote wawili mpaka chai ikapoa.

Jumamosi tulimpelekea mwalimu mkanda wangu akaone. Akatazama muda mrefu. Watu wote niliowapiga walikuwa wazuri, ila hawakuwa na vichwa.

"Mama wa nyuma," akasema, "safari hii kweli ujiandikishe."